Elimu ya Gobore Lililopaliwa

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, wawindaji wenye leseni, na nyinyi wengine mnaojijua: itifaki imezingatiwa. Nasimama mbele yenu nikiwa Bingwa Mkuu wa Magobore wa tarafa hii, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona kamati ya kunitunuku inachelewa kuundwa.

Mada yangu ni usafi wa kasiba na namna ya kuondoa kilichokwama ndani yake. Wapo wanaodhani gobore halina elimu: unamimina baruti, unashindilia risasi kwa mdeki, unavisha fataki, unafumba jicho moja, unamwachia Mungu. Masikini! Hawajui kuwa baruti nyeusi ikishaungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Sehemu hutoka na ule moshi mzito, sehemu huganda ndani ya kasiba. Masizi hayo yana chumvi zinazovuta unyevu, na usiku mmoja wa masika watosha kuanzisha kutu. Ukifyatua mara kwa mara bila kupangusa, njia huzidi kuwa nyembamba, mpaka risasi ikatae kushuka.

Hapo mwindaji wa kawaida hukimbilia mafuta. Mimi, baada ya tafakuri nzito, nimegundua maji. Kwamba askari wa karne ya 19 waliyatumia kila siku hakupunguzi ugunduzi wangu, kwani wao hawakuyatolea mhadhara. Chumvi huyeyuka kwa maji. Mafuta huipita juu juu tu.

Andikeni. Ng'oa kasiba kwenye kitako. Ondoa fataki. Tumbukiza upande wa nyuma katika ndoo ya maji ya moto yenye sabuni kidogo. Funga kitambaa kwenye ncha ya mdeki, uingize kupitia mdomo wa kasiba, uvute na kusukuma kama bomba la sindano. Maji yataingia na kutoka kwa tundu la kifa, kile kichuchu kinachovalishwa fataki, yakiwa meusi tii na kunuka yai viza. Msizibe pua, hiyo ndiyo harufu ya taaluma. Badilisha maji mpaka yatoke meupe. Kausha kwa vitambaa vikavu hadi cha mwisho kirudi kama kilivyoingia, ndipo upake mafuta, tena kidogo. Na siku ya kulitumia uyapanguse, la sivyo yatalowesha baruti na mnyama atakucheka.

Naona fundi wetu mhunzi, mzee aliyeketi nyuma, ananyoosha mkono. "Mwanangu, hilo gobore la mezani umelipima?" Mzee wangu, shikamoo. Maswali ni mwisho, baada ya chai.

Turudi kwenye historia, ambako sina mpinzani. Julai 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg huko Marekani, ziliokotwa bunduki 27,574. Zipatazo 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Nusu ya hizo zilikuwa na shindilio mbili, moja juu ya nyingine. Kama 6,000 zilikuwa na tatu hadi kumi. Moja ilikutwa na shindilio 23! Katika makelele yale askari hakusikia kama yake imelia. Pengine fataki ilisahaulika, pengine kifa kilizibwa na masizi. Yeye akaendelea kushindilia kwa bidii ya kupigiwa mfano. Ndugu zangu, huo ndio ubaya wa mtu kujaza na kujaza bila kuangalia kama kuna kinachotoka. Mimi jambo hilo hulikemea katika kila hotuba yangu, na hotuba zangu hazipungui saa tatu.

Sasa, kilichokwama. Mkitanguliza risasi mkasahau baruti, msipige mdeki kwa nyundo, wala msitie kasiba motoni. Fungueni kifa, tieni chembe chache za baruti kwa nyuma, rudisheni kifa, sukumeni risasi mpaka ikae barabara juu ya baruti, kisha fyatueni kuelekea mahali salama. Risasi isiachwe katikati ya njia, maana pengo kati yake na baruti laweza kupasua kasiba, na uso wa mfyatuaji uko jirani. Kama baruti imo lakini imegoma, subirini kwanza, mdomo ukitazama pasipo na mtu. Kisha vueni fataki, mimineni maji hadi baruti ilowe kabisa, ndipo muing'oe risasi kwa skurubu inayofungwa kwenye ncha ya mdeki.

Kabla ya yote hayo, pimeni. Nahitimisha kwa vitendo. Gobore hili nimeliazima asubuhi, nami nimelielekeza kwenu ili mlione vizuri. Naingiza mdeki hadi ugote. Natia alama ya kidole pale mdomoni. Nauchomoa, naulaza juu ya kasiba, alama sawa na mdomo. Likiwa tupu, ncha hufika usawa wa kifa. Hii imekomea... vidole vinne kabla.

Vizuri sana. Hivyo ndivyo, kitaalamu, linavyopimika gobore lenye kitu ndani; nilikusudia mlione. Safu ya mbele naona mmeinuka kunishangilia. Asanteni, shangilieni mkitokea mlango wa pembeni. Mzee wangu, swali lako limepokelewa kabla ya chai, hebu njoo na skurubu. Nawe mheshimiwa mwenyekiti, kwa heshima na taadhima, izime hiyo sigara.