Hotuba ya Bingwa wa Shati kwa Wasiojua Hata Kutunga Uzi

Waheshimiwa wanandoa, wachumba, na ninyi mlioingia kwa sababu mvua ya Mbeya imewakuta njiani: ugonile. Mlioteremka basi la Iringa: kamwene. Kaeni. Anayesimama mbele yenu ndiye bingwa wa shati la vifungo kuanzia Mafinga hadi Mwanjelwa, cheo nilichojipa baada ya kumtafuta mwingine anayekistahili na kumkosa.

Historia kwanza. Elias Howe alipata hataza ya cherehani Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akapata yake mwaka 1851, wakapelekana mahakamani. Shati nalo wanaume walikuwa wakilivaa kwa kulipitisha kichwani, mpaka Brown, Davis & Co. wa London waliposajili, mwaka 1871, shati linalofunguka mbele toka juu hadi chini. Baada ya hapo dunia ilikaa kimya ikinisubiri.

Sasa, unamshonea nani? Mimi namshonea Mama Watoto, ambaye yuko kwao Iringa kwa muda, kwa sababu zisizohusiana na mada ya leo. Mtu wa kawaida angempigia simu amuulize vipimo. Mimi nilitandika gauni alilolisahau kambani, nikalipima kwa futi kamba. Kifua ongeza inchi 4 za kupumulia. Mimi niliongeza na 2 za fulana nzito, maana baridi ya Makambako mwezi Julai haina adabu.

Nunua mita 2 za popelini ya pamba yenye upana wa inchi 60, na sindano namba 11. Namba 14 waachie washonao khaki. Pamba hulowekwa, ikakaushwa na kupigwa pasi kabla mkasi haujaigusa, la sivyo itarudi siku ya kwanza ya kufuliwa. Yangu sikuiloweka. Nguo nayo ina haki ya kukua na mwenyewe, hata kama itakua kwa kupungua.

Wapo wanaokwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, wakafundishwa ushonaji hatua kwa hatua. Siwalaumu. Si kila mtu amezaliwa na kipaji.

Tufike kwenye kola, hapo ndipo wanaume huanza kutafuta mlango. Kola ina vipande viwili: jani linalolala, na mkanda wa shingo unaolisimamisha. Kila kipande ni kitambaa mara mbili, na katikati yake unatia kitambaa kigumu cha kukikaza. Unashona upande wa ndani ukiwa nje, unapunguza ncha za pembe kwa mkasi, ndipo unageuza. Asiyepunguza, pembe zake huvimba kama maandazi. Zangu zilivimba kwa makusudi. Fundi wa barazani, mtu asiyejua mitindo, alicheka, akaifumua kola yote na kuishona upya kabla chai yake haijapoa, huku mimi nikimwelekeza kwa kukaa kimya. Kitaalamu huo unaitwa usimamizi.

Vifungo. Shati la mwanamke huwa na vifungo upande wa kushoto wa mvaaji, la mwanamume upande wa kulia. Vya Mama Watoto viko kulia. Huo ni msimamo wa kisiasa. Vitundu vya mbele husimama wima, ila kile cha mkanda wa shingo hulala. Na kifungo kimoja lazima kikae mahali kifua kilipojaa zaidi, shati lisije likaachama mbele ya wakwe. Kanuni hii niliigundua mimi mwenyewe, ingawa mafundi wote wa Iringa waliijua kabla sijazaliwa.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Kwa nini nisinunue mtumba? Swali la kitoto, lakini nitalijibu. Mtumba una kola nzuri kuliko yangu, na vitundu vyake vimepangika sawasawa. Tatizo, shati lile lilikatwa ng'ambo na mtu asiyejua Mama Watoto amekasirikia nini. Mimi najua. Ndiyo maana nikashona mfuko wa kifuani mkubwa kupita kawaida, ili barua ya kurasa nne iingie bila kukunjwa.

Shati linatakiwa lipande basi kesho alfajiri. Mwenye swali la ushonaji amwone fundi pale barazani. Mwenye nauli ya kunikopesha mpaka Iringa anione mimi, tena upesi.