Chemsha Bongo Nyuma ya Pazia

Mimi ni mtoto wa Tanga niliyeolewa Tukuyu, na hadi leo kuna mambo mawili sijayazoea: mvua, na kuongea na baba mkwe kwa kupitia mtu. Mvua ya hapa haipiti, inahamia. Ikishahamia umeme unakatika, na umeme ukikatika mume wangu anatoa kaunta buku lake.

Ameliandika tangu sekondari. Kila alichosikia redioni au kusoma kwenye gazeti lililofungia vitumbua kimo mle, bila mpangilio: urefu wa Mlima Rungwe (karibu mita 2,960), mifupa ya mtu mzima (206), mioyo ya pweza (mitatu, hilo sikufundishwa, kwetu pweza ni jirani). Tukishakula, anauliza. Mwenye pointi nyingi hadi Jumapili anapewa firigisi. Ndiyo, firigisi. Kila mtu anajua firigisi ya nyumba ni ya baba, lakini huyu wangu aliitia mashindanoni kwa hiari yake, na nadhani amejuta.

Baba mkwe alipokuja kukaa nasi, nikapata mpinzani. Kwa desturi ya Kinyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani, wala mkwe halitamki jina lake. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliliandika jambo hilo kwa kirefu. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Mzee wetu hajalegeza hata fundo moja. Basi yeye anakaa sebuleni, mimi jikoni, katikati pazia, na anayepita chini ya pazia ni mwanangu wa darasa la tatu, mjumbe.

"Mwambie babu, Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg."

Mjumbe anakwenda, anarudi. "Babu anasema hilo hata kuku wake wanalijua."

Bingwa wa ligi mwaka 1986? Mzee alijibu kabla swali halijaisha: Tukuyu Stars, Banyambala! Akacheka mpaka akapaliwa. Nikamtuma mjumbe aulize, na 1988 je? Sebuleni kimya. Coastal Union ya Tanga, baba. Pointi yangu.

Swali la kipunji nusura livunje nyumba. Buku lilisema kima huyo aligunduliwa na wanasayansi katika misitu ya Rungwe mwaka 2003, akatangazwa 2005, na 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Mzee akataka kujua ni nani huyo "aliyemgundua", maana babu yake mzaa baba alimgundua zamani, ndani ya shamba lake la mahindi. Mume wangu akafuta kwa kalamu nyekundu, akaandika "alionwa na wageni". Sote tukapewa nusu pointi.

Nami kichwa kilikuwa kimeshavimba. Nilikuwa nimewashinda wote kwenye swali la maji: yanachemka kwa nyuzi 100 kule kwetu pwani, lakini hapa, juu kama mita 1,500, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage ya Tukuyu yanamaliza kuni. Basi Jumatatu lilipokuja swali, ni tunda gani likikaa na mengine linayaivisha, nilijibu bila kutua kijiko: ndizi. Inatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaamsha matunda ya jirani.

Mjumbe akarudi. "Babu anasema gesi inakaa kwenye mtungi. Kinachoivisha ni joto. Ndizi zinafukiwa shimoni kwa majani makavu, zinaiva. Anauliza umewahi kufukia ndizi."

Sijawahi.

Sasa, kwenye stoo iliyopakana na jiko kulikuwa na maparachichi ya Hass, mia tatu hivi, magumu kama mawe. Parachichi haliivii mtini. Hulainika likishachumwa, na mnunuzi wa kusafirisha nje analitaka likiwa bado gumu. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya kwetu, naye akasema gari litafika Ijumaa. Nikamnong'oneza mjumbe: chukua maparachichi matano, yafunge kwenye mfuko na ndizi mbivu mbili, na matano mengine yaweke peke yake. Tutamwonyesha babu.

Mtoto yule alikuwa amebeba maneno yetu wiki mbili, akajua kuwa ujumbe unaweza kuongezewa chumvi njiani. Baadaye, mbele ya familia nzima, alieleza kwamba kwa matano tu babu angesema ni bahati. Kwa hiyo alichukua mkungu mzima wa ndizi mbivu, akazipanga chana kwa chana juu ya maparachichi yote, akafunika turubai, na juu ya turubai akatandaza blanketi la wageni. Siku nne nilikuwa nalitafuta blanketi hilo, na nilishamshuku jirani.

Ijumaa mnunuzi akabonyeza parachichi la kwanza. Kidole kikazama hadi kwenye pete. La pili alilibonyeza kwa adabu tu. Gari likaondoka na kreti tupu, mume wangu akabaki amekaa kizingitini na buku lake magotini, halijafunguliwa.

Tulikula maparachichi kwa chai, kwa ugali, kwa kande. Tuliwapelekea majirani, wakarudisha vyombo vimejaa maparachichi yao. Wasichana wakajipaka nywele mpaka zikateleza.

Jumapili kuku akachinjwa. Pointi zangu 41, za mzee 41, na swali la ndizi lilikuwa bado halijapewa alama. Nikaiweka firigisi kwenye kisahani, nikamkabidhi mjumbe. "Mwambie babu: ameiona gesi?"

Alikaa huko muda mrefu. Nikasikia kicheko cha mzee, kile cha 1986. Kisha pazia likainuka.

"Babu anauliza: ukuta wa stoo, upande wa pili kuna nini? Na wiki hii nzima lilikuwa linawaka au lilikuwa limezimwa?"

Nikaupapasa ukuta ulio nyuma ya jiko langu. Ulikuwa wa moto.

"Na firigisi," nikasema, "kaipokea?"

Mjumbe alimeza kwanza, ndipo akajibu.