Sufuria Namba 7

Ndugu msomaji, kama nawe umelelewa na mama wa kanisa, sogea karibu, wewe ni mwenzangu. Unajua kufungua friji ukitafuta maziwa ukakuta dumu la lita tano lenye karatasi, “YA SEMINA, MSIGUSE.” Unajua kuamka Jumapili alfajiri ukakuta kila mlango umening’inizwa majoho ya kwaya. Unajua nyumba kunukia pilau tangu usiku, na asubuhi wewe unakunywa uji kwa sababu pilau lina wenyewe.

Mama yetu tulimwita Mama Kamati. Jina lilianza kwa Baba, Mungu amrehemu, likaenea kihamba kizima. Kamati ya harusi alikuwemo, ya misiba alikuwemo, ya wagonjwa, ya ujenzi, ya kupokea wageni wa jimbo. Mshahara hakuwa nao, na nauli ya kwenda kwenye vikao alitoa kwenye ndizi alizouza sokoni.

Kwetu Machame Ukristo ni wa mababu. Wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893. Lakini KKKT yenyewe Mama aliiita mdogo wake. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuiunda mwaka 1963, yeye alikuwa msichana anayeteka maji ya kupigia deki kanisani. “Huyu nimembeba mgongoni,” alikuwa akisema, kwa sauti ileile aliyotusemea sisi wanawe. Nasi tukamchukulia hivyo hivyo, ndugu wa sita ndani ya nyumba, tena yule anayekula kuliko wote.

Mfano ni yule jogoo. Anayejua ibada zetu anajua mnada. Ibada ikiisha, watu wanakusanyika nje, na vitu vilivyotolewa sadaka na wasio na fedha vinauzwa: mkungu wa ndizi, mayai, miwa, parachichi, kuku. Jumapili moja Mama alitoa jogoo mwekundu, kipenzi cha Baba, bila kumwambia. Baba alimwona mikononi mwa mzee wa kanisa, akapandisha bei mpaka wengine wakanyamaza, akamkomboa. Sasa unajua desturi, mnunuzi mwenye moyo hurudisha kitu kiuzwe tena. Mama, aliyesimama ubavuni kwake, akasema polepole, “Rudisha, Baba Redio.” Baba akarudisha. Kisha akamnunua mara ya pili. Tulirudi na jogoo, na chai tukanywa kavu hadi mwisho wa mwezi. Jogoo yule alizeeka akafa kifo chake. Kila kilipotajwa kisu, Baba alisema ameshalipiwa mara mbili.

Redio ni dada yangu mkubwa. Habari ikimfikia saa mbili, saa tatu iko barabarani. Lakini nirudi kwenye sufuria.

Usharika haukuwa na stoo. Kwa hiyo sufuria za shughuli zilikaa kwetu, chini ya vitanda na nyuma ya milango, kila moja na namba yake kwa rangi nyekundu. Namba 7 ndiyo kubwa kuliko zote. Redio alijificha humo tukicheza kombolela, akapitiwa na usingizi, akatafutwa hadi mtoni. Pamoja na sufuria zilikuwepo sahani za bati zenye ukingo wa bluu, mia mbili kamili.

Sahani zetu wenyewe zilikuwa zinapungua. Mwaka hadi mwaka zilipungua, mpaka wengine tukala kwenye vifuniko vya sufuria. Baba alimshuku Redio, maana mikono yake haishiki kitu. Mama alimkingia kifua: “Mwacheni mtoto. Sahani si roho.”

Nilipooa, nikaleta nyumbani mwanamke mwenye utaratibu. Tunamwita Hakimu. Huko kwetu Moshi mjini ana kabati la vioo lenye sahani za maua tulizopewa harusini, na miaka yote hiyo hakuna aliyezitumia. Hakimu na Mama walipendana, ila aliniuliza mara nyingi mama yangu anapumzika lini. Sikuwa na jibu. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Ijumaa ya kwanza ya Machi, ambayo ni Siku ya Maombi ya Dunia ya akina mama. Mama alifika wodini amevaa kitenge cha sare, akampakata mjukuu, akamwombea, akaacha chupa ya uji, akakimbilia kuongoza ibada. Nilikasirika, sifichi. Jioni akarudi na akina mama kumi na wawili, kila mmoja na chupa yake ya mtori. Muuguzi alianza kwa kuwahesabu, akaishia kuombewa naye. Hakimu hakulala njaa wala upweke siku arobaini nzima.

Mama alitutoka mwaka jana. Kikao cha ukoo kikanipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, na baba yetu mdogo, Itifaki, akaniinulia saa yake ya mkononi: ratiba ya ibada imetoa dakika tano. Unajua wasifu wetu ulivyo. Kazaliwa, kabatizwa, kapata kipaimara, kafunga ndoa, kajaliwa watoto, kaugua, kalala. Niliandika hadi saa nane za usiku kurasa mbili, zote za kweli, na Mama sikumwona humo. Nikaziacha mezani jikoni, nikajinyoosha kidogo.

Alfajiri Shangazi alihitaji kuwasha moto chini ya namba 7. Karatasi zilikuwa kavu.

Sikumlaumu. Katika nyumba ile chakula cha watu kilitangulia kila kitu, na wasifu ungekuwa wa pili hata Mama mwenyewe angekuwepo. Hakimu ndiye aliyekwenda kunitafutia karatasi nyingine. Akarudi na kaunta buku lililokuwa likining’inia kwa kamba kwenye mlango wa chumba cha Mama. Tulidhani lina kurasa tupu.

Lilikuwa limejaa mwandiko wake. “Namba 4, msiba wa mama mjane wa juu, imerudi.” “Namba 2, harusi, imerudi, mpini umelegea, nimempa fundi.” “Mzee wa mgomba mkubwa hajaonekana ibadani mara mbili, niende.” Chini yake, “Nimekwenda. Anaumwa mguu. Apelekewe kuni.” Na kila baada ya kurasa chache, mstari wa namna hii: “Sahani 60, zimerudi 57. Tatu nimetoa zetu.”

Zetu! Redio alikaa chini palepale jikoni, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akalia kama mtoto aliyesamehewa. Miaka yote ile Mama hakutaka aliyefiwa aulizwe habari za sahani.

Basi kanisani hatukusoma wasifu mwingine. Nilitaja kuzaliwa kwake, ubatizo na ndoa, kisha nikampa Redio kaunta buku, kwa kuwa sauti yake inafika mbali. Alisoma mstari kwa mstari, na kila aliposema “msiba wa”, mahali fulani kwenye viti mtu aliinamisha kichwa, kwa sababu msiba ule ulikuwa wake. Dakika tano zikapita. Itifaki aliitazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni.

Tulimzika kihambani, chini ya migomba yake. Watu walikula kutoka namba 7, wakashiba, hakuna aliyerudi na njaa. Kama una mama wa namna hii na bado yu hai, usimwombe apumzike kama nilivyomwomba mimi. Nenda naye siku moja, ubebe upande mmoja wa sufuria.

Jumamosi iliyofuata pikapu ilisimama getini kwetu mjini. Akina mama wa usharika walikuwa wamekaa kikao, wakamchagua Hakimu atunze vyombo. Sikuulizwa, na sikutegemea kuulizwa. Namba 7 sasa iko sebuleni, televisheni imehamia kwenye kona, na mwanangu mdogo ameshalala humo mara moja.

Hakimu alihesabu sahani usiku uleule. Kisha akafungua kabati la vioo, akatoa nne za maua, akaziweka juu ya zile za bati, akaandika kwenye kaunta buku: “Sahani 200, msiba wa Mama Kamati. Zimerudi 196. Nne tumetoa zetu.”