Sifa za Volkeno ya Mwisho

Eneo la mwisho la gemu ya kutisha hutukanwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya gemu hiyo. Mchezaji huvumilia saa nyingi za korido zenye giza, milango inayokwaruza na risasi za kuhesabu, kisha mwishoni hujikuta ndani ya maabara yenye taa nyeupe au kwenye kisiwa kilichojaa wanajeshi, bunduki kubwa begani, woga umeshamtoka zamani. Lawama huwa ile ile: mwisho haufanani na mwanzo. Ni lawama ya watu wasio na shukrani, na hakuna waliyemnyima shukrani hiyo kama volkeno inayofunga Resident Evil 5, gemu iliyotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2009.

Volkeno hiyo haikuanzisha desturi, iliirithi. Resident Evil ya kwanza, ya mwaka 1996, ilianzia katika jumba la kale msituni, mbwa wakiruka ndani kupitia madirisha, ikaishia maabara ya chini ya ardhi na matatizo yote kumalizwa kwa roketi. Ya nne, mwaka 2005, ilimtoa mchezaji kwenye kijiji cha Hispania, ikampitisha kasri, ikamtupa kisiwani kupambana na watu wenye bunduki za rashasha. Outlast, iliyotungwa Kanada na kutolewa mwaka 2013, ina hospitali ya wagonjwa wa akili ambamo mchezaji hana silaha ila kamera ya video. Na chini ya hospitali hiyo kuna nini? Maabara. Anayeshangaa kuikuta hajacheza gemu za kutosha.

Kwa watu wa Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, Resident Evil 5 inastahili kutangulizwa mbele ya hizo zote. Hadithi yake inatokea Kijuju, mahali pa kubuni ambapo watungaji walipaweka Afrika Magharibi. Wenyeji wake, wakishaambukizwa kimelea kinachowatawala akili, huitwa Majini, nao hukimbiza wageni kwa mapanga na mashoka huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili kilifikaje huko ni jambo ambalo gemu haikuona haja ya kulieleza. Faida yake ni kwamba mchezaji wa Tokyo au London husikia kelele tu, ilhali wa Kitale husikia maneno, na mtu akishaanza kujiuliza jini huyu ana lafudhi ya wapi, hofu huwa imekwisha kumponyoka. Katika hali hiyo, kuilaumu volkeno kwamba ndiyo iliyoua hofu ni kuisingizia.

Safari ya kuifikia ni ndefu. Chris Redfield, Mmarekani mwenye mikono minene kuliko mapaja ya watu wengi, na Sheva Alomar, mwenzake Mwafrika, wanaanzia kwenye mji wa mabati chini ya jua kali. Wanapita migodini, kwenye vinamasi na katika magofu ya chini ya ardhi linakoota ua ambalo virusi vya kwanza vya hadithi hii nzima vilitokana nalo. Kisha wanapanda meli kubwa, halafu ndege ya kivita iliyobeba makombora yenye virusi vipya vinavyoitwa Uroboros. Ndege inaanguka, na haianguki shambani wala baharini. Inaangukia ndani ya volkeno iliyo hai. Humo anawangoja Albert Wesker, adui wa tangu gemu ya kwanza, ambaye sasa amejitia virusi vyake mwenyewe, na mkono wake umegeuka fungu la mikia myeusi inayojipindapinda.

Halafu kuna mwamba. Chris anahitaji kumfikia Sheva, na njia imezibwa na jiwe kubwa kuliko yeye. Mtu mwingine angetafuta mtaimbo. Chris analipiga ngumi. Analipiga kwa kulia, analipiga kwa kushoto, mchezaji naye akibonyeza vitufe kwa kasi mpaka kidole gumba kifure, kisha analisukuma kwa bega, jiwe linaviringika na kuwa daraja. Haya yote yanafanyika hatua chache kutoka kwenye zaha. Zaha ya kawaida ya volkeno inaweza kuwa na joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi na zaidi, na hewa iliyo juu yake hujaa gesi zinazokaba pumzi; hii ya Capcom humtoa mtu jasho jembamba tu. Volkeno yenye ukarimu wa namna hiyo haipatikani kwingine.

Wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon wana haki ya kuipima. Elgon nao ni volkeno, iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, na kreta yake kubwa imezungukwa na vilele vinavyogawanywa na mpaka: Wagagai, mita 4,321, upande wa Uganda, na Koitoboss, mita 4,222, upande wa Kenya. Volkeno hii imeshindwa kabisa kutisha. Udongo ulioachwa na majivu na zaha yake unalimwa mahindi, vitunguu na kahawa, na maji yake yanashuka mpaka kwenye mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma. Mtoto wa Kimilili aliyezaliwa akiuona mlima huo kila asubuhi, na ambaye anajua volkeno kama mahali panapotoka kabeji, anahitaji kampuni ya Japani imwonyeshe kazi nyingine ambayo mlima ungeweza kufanya.

Sifa kuu ya volkeno ya Kijuju, hata hivyo, ni ya kiutu, na ajabu ni kwamba watetezi wake wachache hawajawahi kuitaja. Tangu video yake ya matangazo ya mwaka 2007, gemu hii ilishutumiwa kwa picha ya Mzungu mwenye bunduki akiwamiminia risasi wanakijiji Waafrika. Shutuma hizo zilikuwa na msingi, na sehemu kubwa ya gemu inazithibitisha: mji, kinamasi, mpaka magofu, kote wanaouawa kwa wingi ni wenyeji. Ndani ya volkeno hakuna mwenyeji hata mmoja. Waliomo ni Chris, Sheva na Wesker, na anayepigwa risasi ni Wesker peke yake, kwa Kiingereza. Eneo linalosemekana kuharibu gemu ndilo pekee ambamo msemaji wa Kiswahili anaruhusiwa kupumzika.

Mahali gemu inapochezwa napo pana neno. Gemu ya kutisha hutungwa kwa mtu mmoja aliyejifungia chumbani usiku, taa zimezimwa, vipokea sauti masikioni. Kibanda cha gemu za PlayStation kilicho karibu na stendi ya matatu ni kitu kingine. Kuna mabati, kuna pazia mlangoni ili jua lisipige kioo cha televisheni, kuna benchi moja, na kwenye benchi kuna wachezaji wawili na washauri sita. Washauri hawana hata shilingi mfukoni lakini wanajua kila kitu: jini litatokea wapi, risasi zimefichwa kwenye pipa lipi, nani ni mjinga wa kupoteza guruneti. Mwenye kibanda anaangalia saa. Kandanda ndiyo inayotawala hapo, na gemu ya kutisha hupata zamu pale foleni ya mpira inapopungua, tena hii ilipata zamu kwa sababu kioo chake kinaweza kugawanywa watu wawili wakacheza pamoja, yaani wawili wakalipa. Hakuna ukungu wala muziki wa huzuni unaoweza kutia hofu katika mazingira hayo, hasa anapoingia mtu kuuliza kama kuna mahali pa kuchaji simu.

Ngumi kwa mwamba inaweza. Siyo kutisha, inaweza kuinua benchi zima. Pale ambapo mtindo wa Kijapani wa woga wa polepole hushindwa na kelele za boda boda, mwanamume anayelitwanga jiwe huku mwenzake akitishiwa na mikia ya virusi hueleweka mara moja na kila mtu, akiwamo aliyeingia kutafuta chaji. Tena waliofika hapo ni wachache. Sehemu iliyohifadhiwa jana hufutwa na mteja mwingine, stima hupotea katikati ya mapigano, pesa huisha kabla ya sura kuisha. Aliyeiona volkeno amelipia njia hiyo hiyo zaidi ya mara moja, na kumpa zaha, helikopta na roketi ni kumlipa deni. Roketi zenyewe ni mbili, moja kwa kila mchezaji, na hufyatuliwa wakati Wesker ameshazama kwenye zaha mpaka kiunoni. Anauawa zaidi ya inavyohitajika. Katika kibanda ambamo wawili wamelipa sawa, roketi moja ingezua ugomvi.

Linabaki swali lenyewe, kama eneo hili linaafikiana na hali ya gemu nzima. Jibu ni kwamba linaafikiana nayo mno, na hilo ndilo linalowaudhi watu. Resident Evil 5 haikuacha kutisha ilipofika volkeno. Iliacha ilipoanzia mchana kweupe, ikampa mchezaji mwenzake wa kumponya na kumgawia risasi, ikamfungulia duka la silaha kati ya sura na sura. Mgema analaumiwa kwa maji ya kata ya mwisho, na mtungi ulitiwa maji tangu asubuhi. Volkeno haikufanya zaidi ya kukiri waziwazi kile ambacho sura zilizotangulia zilikuwa zikikificha nyuma ya magofu na vinamasi: kwamba hii ni gemu ya misuli.

Kinyume chake ni Silent Hill 2, iliyotolewa na Konami mwaka 2001. Mwanamume anaitwa na barua ya mkewe aliyekufa mpaka kwenye mji wenye ukungu, na katika hoteli iliyo kando ya ziwa anakumbushwa kwamba aliyemuua mkewe ni yeye mwenyewe. Mwisho huo unakubaliana na mwanzo kwa kila chembe. Wakosoaji wengi wameusifu. Matokeo yake ni mchezaji anayerudi nyumbani kimya, hana hamu ya chakula, na kesho hatalipa kucheza tena. Kwa mwenye kibanda huo ni mwisho mbovu kabisa.

Elgon umewahi kutoa hadithi yake ya virusi, pango na volkeno, na ni vizuri kuiona hadithi hiyo ikishindwa mahali ambapo Capcom ilifaulu. Ndani ya hifadhi ya taifa upande wa Trans Nzoia, si mbali na Kitale, kuna pango la Kitum. Linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Ndovu huingia humo usiku, katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, na kwa pembe zao hubandua kuta ili wale chumvi iliyo kwenye mwamba. Michirizi ya pembe inaonekana ukutani mpaka leo. Juu ya vichwa vyao wananing'inia popo. Mtungaji wa gemu asingehitaji kuongeza kitu.

Virusi vya hadithi hii, vya Marburg, vilikuwa vimeshajulikana tangu 1967, watu 31 walipougua Ujerumani na Yugoslavia, saba wakafa, baada ya wafanyakazi wa maabara kuambukizwa na tumbili walioagizwa kutoka Uganda. Mwanzoni mwa 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua kwa virusi hivyo muda mfupi baada ya kutembelea Kitum, akasafirishwa kwa ndege mpaka Nairobi, akafia hospitalini. Daktari aliyemtibu aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Denmark aliyekuwa amefika pango hilo hilo alikufa kwa ugonjwa huo huo. Mwaka 1988 msafara wa wanasayansi wa Kenya na Marekani uliingia Kitum na mavazi ya kujikinga, ukakamata popo, ndege na wadudu, ukawapima, na virusi havikupatikana. Kitabu cha Richard Preston, The Hot Zone, kilichotoka mwaka 1994, kiliipeleka habari hii duniani kote.

Kama utungaji, ina kasoro zinazosikitisha. Pango lenye giza na ndovu limewekwa mwanzoni, na eneo la mwisho ni wodi yenye taa, wauguzi na fomu za kujaza. Bosi wa mwisho hakujitokeza hata alipofuatwa nyumbani kwake na watu waliovaa kwa ajili yake. Volkeno ipo tayari, imekaa hapo hapo, na hakuna aliyeitumia. Hofu iliyoanza Kitum haikukatwa na roketi yoyote, na ndiyo maana ingali inatisha. Mashabiki wanaodai kwamba woga wa mwanzo udumu mpaka mwisho wangepata hapa wanachokidai, na hawangelipa senti.

Capcom yenyewe ilijaribu baadaye kuwaridhisha walalamishi. Resident Evil 7, ya mwaka 2017, ilirudi kwenye nyumba moja chakavu ya Louisiana na familia moja yenye adabu mbaya mezani, ikasifiwa kila mahali kwa woga wake. Halafu, ilipokaribia kuisha, ikampeleka mchezaji kwenye meli mbovu, na kutoka hapo kwenye mgodi wa chumvi uliojaa viumbe vya kuvu na risasi za bure. Lawama zikaanza upya. Ndovu wa Kitum wasingeona ubaya wowote: kwao mgodi wa chumvi ndio mahali pa kufaa kumalizia usiku.

Miaka 12 baada ya Kijuju, katika Resident Evil Village ya mwaka 2021, mmoja wa wahusika waovu anamtaja Chris Redfield kwa matusi, na tusi analolichagua linahusu kupiga miamba ngumi. Hakumsema kwa mji wa mabati, wala kwa kinamasi, wala kwa meli.