Mwenzetu Kapanga Nyumba

Mwenzetu siku hizi mtu wa mpangilio. Kamsoma Marie Kondo, yule Mjapani wa kukunja nguo, na ofisini meza yake inang'aa. Usivute droo tu, kalamu zilizokauka zitakumwagikia. Nyumbani ndiyo usiseme. Kopo la Blue Band limejaa vifungo na funguo ambazo kufuli zake zilishakufa. Nyuma ya mlango wa jikoni unaning'inia mfuko wa rambo ulioshindiliwa marambo mengine, na hayo Tanzania Bara yalipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019! "Yatafaa," anasema. Kondo mwenyewe, alipofikisha watoto watatu, alikiri mwaka 2023 kuwa habari za kupanga kaziachia kidogo. Yeye kaacha. Wewe, shoga, hata hujaanza.