Hongera, Mchekeshaji Wetu

Mimi nampongeza kijana wetu wa Katonga aliyeuleta uchekeshaji wa jukwaani mpaka mwaloni. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, nasi tunahitaji kitoweo kingine. Juzi alituandalia usiku wake wa kwanza wa fungate: chaga zilivyokatika, taa ilivyozimika, bibi harusi alivyolia akimwita shangazi yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Wanaomlaumu hawajui sanaa. Dagaa huanikwa juani, wakageuzwa pande zote, ndipo wapate bei; siri je? Marehemu Bi Kidude, aliyefariki 2013, alifunda wari faraghani. Hasara tupu! Angetumia kipaza sauti na kutoza kiingilio.

Tena kijana ana staha. Jina la mtalaka wake hakulitaja hata mara moja. Alisema tu ni nyumba ya tatu kutoka mwaloni, yenye mwembe.

Leo nimepita pale kununua migebuka. Biashara imechangamka ajabu: wateja tele, wote wanacheka. Mwenye meza tu ndiye hajauelewa utani. Amejitanda kanga mpaka machoni, anahesabu chenji.