Sifa za Fomu Isiyofika Mwanjelwa

Katika karne ya pili Lucian wa Samosata aliandika sifa za nzi, na baada yake wakajitokeza waandishi walioutetea upara na hata ujinga, lakini fomu ya kodi inayofuatilia akiba ya ada haijapata wa kuisemea neno jema, ingawa ni vigumu kutaja karatasi nyingine inayojali masomo ya mtoto wa mtu kwa kiasi hicho. Fomu inayokusudiwa hapa ni ile iitwayo 1099-Q nchini Marekani, ambayo sifa zake huonekana vizuri zaidi mahali isipokuwapo, na mahali hapo kwa makala haya ni Mwanjelwa, jijini Mbeya.

Chimbuko lake ni kifungu cha 529 cha sheria ya kodi ya Marekani, kilichotungwa mwaka 1996, kinachomruhusu mzazi kuweka fedha katika mpango wa akiba ya elimu ulioanzishwa na jimbo, fedha zikakua bila kutozwa kodi na zikatolewa vilevile bila kodi, mradi zilipie gharama zinazokubalika, kama vile ada ya chuo, vitabu, vifaa vinavyotakiwa na chuo, pamoja na chakula na malazi ya mwanafunzi anayesoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo. Nauli ya kwenda chuoni haimo, wala bima ya afya. Fedha zikishatolewa, msimamizi wa mpango hujaza fomu na kutuma nakala moja kwa aliyezipokea na nyingine kwa mamlaka ya kodi, na katika visanduku vyake vitatu vya kwanza huonyesha jumla iliyotolewa, faida iliyomo ndani ya jumla hiyo, na kiasi kilichowekwa na mzazi mwenyewe. Aliyetoa dola 10,000 ambazo 3,000 kati yake ni faida, kisha gharama zake zinazokubalika zikafikia 8,000 tu, huonekana kuwa moja ya tano ya fedha zake imetoroka shule. Hivyo moja ya tano ya faida, ambayo ni dola 600, huingizwa kwenye ritani kama mapato mengine na kutozwa kodi ya kawaida, na juu yake huongezwa asilimia 10, yaani dola 60, kwa ajili ya utoro huo. Gharama zikilingana na fedha zilizotolewa, hakuna kinachoandikwa kwenye ritani hata kidogo, isipokuwa mzazi hutunza risiti zake akisubiri siku ya kuulizwa, ambayo huenda isifike. Upole wa namna hii, wa kumhangaisha mtu kwa visanduku ili hatimaye asiandike chochote, haupatikani katika taasisi nyingi.

Mwanjelwa, eneo la biashara lililo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, ina akiba za ada nyingi zisizokuwa na mlinzi wa aina hiyo. Ni kweli kwamba elimu bila ada ilianza Januari 2016 kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na baadaye ikafika kidato cha sita, lakini shule binafsi zinadai ada kama kawaida, na hata shule ya Serikali yenye bweni huhitaji sare, godoro na tranka. Kwa hiyo muuza vitenge huweka hisa kila wiki kwenye kikoba, muuza mchele wa Kyela hutumbukiza noti kwenye kibubu, na mwenye duka la vipuri huiacha hela kwenye simu, ambako hukaa kwa amani mpaka mtu apige kuomba. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, maana yake wanachama hugawana hisa zao pamoja na faida ya mikopo, ilhali shule hufunguliwa Januari, na katikati ya miezi hiyo miwili kuna michango ya harusi, misiba, na belo la mitumba ambalo muuzaji anaapa kuwa ni la daraja la kwanza.

Hapo ndipo ukosefu wa fomu unapouma. Mjomba aliyetoka Tukuyu kwa habari za msiba hawezi kuambiwa kuwa hela ni ya ada akakubali, kwa sababu anajua kuwa ada hulipwa kwa awamu na msiba haupangiwi awamu. Lakini mpwa mwenye fomu angeweza kusema kwa heshima zote, “Shikamoo mjomba, pole sana, ila hela hii ina fomu, nikiitoa kwa jambo lingine Serikali inanikata,” na mjomba, ambaye hawezi kamwe kumsamehe mpwa mchoyo, angeielewa Serikali choyo mara moja, kwa kuwa ameizoea. Adhabu ya asilimia 10, inayolalamikiwa huko Marekani, ingekuwa ndiyo ada ya ulinzi iliyo nafuu kuliko zote sokoni.

Sheria ya Tanzania, kwa ukarimu wake, imeiachia akiba ya ada mlango wazi. Riba ya akiba ya mtu binafsi benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani kodi inayozuiwa na mlipaji kabla hela haijamfikia mpokeaji, na jambo likaishia hapo bila yeyote kuuliza riba hiyo imesomesha nani. Mwenye kununua vipande vya Mfuko wa Watoto, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya taasisi ya uwekezaji wa pamoja UTT ili wazazi wawekeze kwa jina la mtoto, akiviuza tena kwa mfuko hapati hata usumbufu huo mdogo, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeisamehe kodi faida ya kuuza vipande kwa mfuko, na kwa hiyo mzazi huondoka na hela isiyo na swali. Kodi ya makadirio, inayowahusu wafanyabiashara wadogo wengi wa Mwanjelwa, huangalia mauzo ya mwaka na wala si faida, sembuse matumizi. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mwenye mauzo ya shilingi 6,000,000 asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000, ambayo ni 60,000. Daftari la kurasa mia lina thamani ya shilingi 40,000 kwa mwaka, na bado wengi huliona kuwa ni kazi ya bure. Hao ndio ambao fomu ya Marekani ingewafaa zaidi, kwa kuwa haimwachii mtu hiari.

Liko pia suala la kisheria ambalo wataalamu wa Marekani hawajalitolea uamuzi kwa sababu halijawafikia, nalo ni jembe. Fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule nyingi za bweni za Nyanda za Juu Kusini humtaka mwanafunzi afike na jembe, ndoo, na fagio, na kwa kuwa kigezo cha kifungu cha 529 kwa vyuo ni kifaa kinachotakiwa ili mtu asome, jembe lina hoja nzito kuliko kompyuta, ambayo shule nyingi haziitaki. Godoro lingebishaniwa kama sehemu ya malazi. Nauli ya basi kutoka Mbeya hadi Iringa ingekataliwa papo hapo, na mzazi angelazimika kuitafuta kwingine.

Wapinzani wa fomu wanaweza kusema kuwa inachelewa, na kwa hilo wana haki, kwani hutumwa hadi Januari 31 ya mwaka unaofuata, wakati ambapo mtoto aliyelipiwa kidato cha kwanza ameshaingia cha pili na mjomba ameshazika. Wanaweza kuongeza kuwa risiti za mashine ya EFD hufifia zikikaa kwenye droo, na kwamba soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006 na lile la SIDO mwaka 2017, pamoja na makaratasi ya waliokuwamo. Yote hayo yanakubalika. Kwa sasa kazi ya fomu inafanywa na slipu ya benki ya malipo ya ada, ambayo mhasibu wa shule huichukua na kumwachia mzazi nakala iliyotolewa stesheneri. Nakala hiyo haina kisanduku cha faida wala haimtishi mjomba yeyote, lakini bila ile halisi mtoto hulala na tranka lake getini.